“Walinichota Uboho Kiunoni”

Kliniki ya mifupa na kliniki ya selimundu (sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) zinatumia ukumbi mmoja wa kungojea katika hospitali moja ya rufaa hapa Uganda, na aliyechelewa kufika hukaa popote palipobaki nafasi. Ndivyo kijana wa bodaboda mwenye magongo mawili alivyojikuta kando ya mama aliyempakata binti wa miaka saba. Binti alikuwa na macho ya manjano. Kijana alikuwa ameukunja mguu wa suruali hadi gotini, na kovu kwenye muundi lilikuwa bado linang'aa.

Mama alisema wameelezwa habari ya kumpandikiza mtoto uboho. Kaka yake, wa miaka mitano, ndiye damu yake ilionekana kulingana.

Kijana akainua shati, akateremsha mkanda wa suruali upana wa vidole viwili, akaonyesha kovu la pili juu ya nyonga.

“Hata mimi walinichota uboho, mama. Hapa kiunoni. Usiogope.”

“Uliumia?”

“Wiki mbili, tatu hivi. Baadaye nikasahau.”

Mama akashusha pumzi.

Hakuna aliyesema uongo pale. Kijana alitoa kilichompata, na alikitoa kwa moyo mweupe. Lakini ni wiki kadhaa sasa mazungumzo yale hayajanitoka kichwani, kwa sababu karibu kila faraja ambayo mama aliichukua katika maneno yale ilikuwa ya mguu wa mtu mwingine na ugonjwa mwingine.

## Kilichotoka nyongani

Tuanze na mguu wa kijana. Upande wa mbele, mfupa wa muundi umefunikwa kwa ngozi tupu. Nyama ya kuuletea damu iko nyuma. Theluthi yake ya chini ndiyo fukara kuliko zote, na hapo ndipo bampa ya gari humfikia mtu wa bodaboda. Ngozi hupasuka, uchafu wa barabara ukaingia. Miezi inapita, mgonjwa bado anausikia mfupa “unacheza”. Kitabuni mfupa huhesabiwa kuwa umegoma kuunga ikitimia miezi tisa, na picha za miezi mitatu ya mwisho zisionyeshe hatua yoyote. Wodini, daktari mzoefu hangoji kalenda akishaona kwenye eksirei ncha mbili zilizoviringana, nyeupe, kila moja imeipa nyingine mgongo.

Ncha hizo huchongwa mpaka ziote vidoto vya damu, maana mfupa usiotoa damu hauwezi kulisha chochote. Njia ya katikati ya mfupa, ambayo imeziba, hutobolewa upya. Kisha mfupa unakazwa, ama kwa bamba na skrubu, ama kwa chuma kirefu cha ndani kama kile cha shirika liitwalo SIGN, kilichobuniwa ili kifungwe bila mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji. Baada ya hapo ndipo wanapokwenda nyongani.

Mkato hupigwa juu ya ukingo wa nyonga, sentimita tatu hivi nyuma ya ile ncha ya mbele unayoweza kuigusa kwa kidole ukilala chali. Umbali huo una sababu. Mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi ya upande wa nje wa paja hupita karibu na ncha ile. Ukikatwa au ukivutwa, mgonjwa hubaki na paja lenye ganzi, au linalowaka kama limepakwa pilipili, pengine kwa miezi mingi. Tena mfupa ukichotwa karibu mno na ncha, ncha yenyewe inaweza kukatika siku mtu anapoinuka kitandani.

Gamba gumu la juu hufunguliwa, na ndani yake kuna mfupa laini wenye vitundu kama sifongo, umelowa uboho mwekundu. Huo ndio unaochotwa, kwa kijiko chenye makali. Upande wa mbele wa nyonga hutoa kama mililita 15 hadi 30, yaani kijiko kimoja au viwili vya mezani. Upande wa nyuma hutoa zaidi, ila mgonjwa lazima alazwe kifudifudi. Punje zenye ukubwa wa milimita tatu hadi tano huwekwa kwenye bakuli, zikafunikwa kwa shashi iliyoloweshwa damu ya mgonjwa mwenyewe au maji ya chumvi, mbali na joto la taa. Zikikauka, zimekufa. Halafu hupangwa kuzunguka pale mfupa ulipogoma, bila kushindiliwa, kwa sababu mishipa midogo ya damu inatakiwa ipate upenyo wa kupita kati yake.

Hata hivyo seli nyingi za zile punje hufa. Hili wagonjwa hawaambiwi, na naona wangepaswa kuambiwa. Zinazopona ni zile za juujuu, zinazofikiwa na unyevu wa jirani kabla mishipa haijaota. Kazi kubwa ya punje ni mbili: kuwa kiunzi cha kujengea, na kuita mafundi. Ndani ya mfupa kuna protini zinazoziita seli za jirani zije zigeuke kuwa seli za mfupa, jambo ambalo Marshall Urist wa Marekani alilionyesha mwaka 1965. Kwa hiyo mtu akisema “walinibandika kiraka”, amekosea kidogo, na kosa hilo lina gharama. Kiraka huisha kazi siku kinaposhonwa. Mfupa uliopandikizwa siku hiyo ndiyo kwanza umepelekewa mchanga na kokoto.

## Benchi linapoishinda karatasi

Karatasi ya idhini husema “maumivu mahali mfupa ulipotolewa”. Maneno manne. Wagonjwa wenyewe hulieleza jambo hili kwa mapana yake, na hapa nawavulia kofia.

Watakwambia nyonga huuma kuliko mguu. Ni kweli, na sababu inaeleweka: mguu umeshakazwa kwa chuma na hautikisiki, lakini misuli ya tumbo na ya paja imejishika kwenye ukingo uleule uliofunguliwa, na inauvuta kila ukikohoa, ukicheka, ukigeuka kitandani. Watakwambia uvae leso au bukta yenye mpira laini, maana mkanda wa suruali hukaa juu kabisa ya mshono. Watakwambia jambo ambalo sijawahi kulikuta katika karatasi yoyote ya hospitali: choo cha shimo. Mtu mwenye magongo mawili, mguu mmoja usiokanyaga na nyonga iliyoshonwa hawezi kuchutama. Familia iliyojua mapema hutoboa kiti cha mbao, ikakiweka juu ya tundu. Familia isiyojua huligundua usiku wa kwanza nyumbani.

Elimu ya namna hii haina mbadala. Daktari haijui kwa sababu hajawahi kuihitaji.

Niongeze ambayo benchi huyasahau. Omba sindano ya ganzi imwagwe pale nyongani kabla ya kushona. Hupunguza sana maumivu ya siku ya kwanza. Uvimbe unaokua na kukaza siku ya pili au ya tatu ni damu iliyokusanyika, uonyeshe mapema kabla haujaingia vidudu. Dawa za kundi la diklofenaki huzuia baadhi ya kemikali ambazo mfupa huzitumia kuanza kuunga, na madaktari wengi hawapendi zinywewe kwa wiki nyingi baada ya upandikizaji. Dukani zinauzwa kama njugu, kwa hiyo uliza kwanza. Sigara hubana mishipa midogo ileile inayotakiwa kuota. Sukari isiyodhibitiwa nayo huchelewesha mfupa na kualika usaha.

Na omuyunzi, yule fundi wa jadi wa kuunga mifupa. Najua wengi wetu tumelelewa tukimheshimu, na yako mavunjiko mepesi ambayo yangeunga hata pasipo mtu yeyote kuyagusa. Lakini kuuchua mguu uliopandikizwa mfupa, katika wiki sita za kwanza, ni kuvunja uzi mchanga unaoota kati ya punje. Maumivu yakipungua baada ya kuchuliwa, mgonjwa hudhani amesaidiwa. Picha ya wiki ya kumi na mbili ndiyo itakayosema.

## “Mfupa ulikataa”

Hapa benchi huanza kupotosha, na neno lenyewe ndilo linalopotosha.

Mgonjwa ambaye mguu wake haukuunga hata baada ya upandikizaji atasema: mfupa ulikataa. Jirani anaelewa kwamba mwili uliutambua mfupa kuwa mgeni, ukaufukuza. Lakini mfupa ulitoka kwake mwenyewe. Mwili haukatai mali yake.

Kilichotokea huwa ni kimoja kati ya mambo machache yasiyo na siri yoyote. Chuma kililegea, punje zikawa zinasuguana badala ya kushikana. Au mgonjwa alikanyaga mapema, kwa kuwa ada za shule zilikuwa zinadaiwa na bodaboda imelala bure. Au, na hii ndiyo ya kawaida katika mivunjiko iliyopasua ngozi, kulikuwa na usaha uliojificha ndani. Punje za mfupa zikiwekwa kwenye usaha huwa chakula cha vidudu. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hukataa kupandikiza siku ile ambayo mgonjwa, aliyekwisha kuuza mbuzi, anataka yaishe.

Kwa mguu wenye usaha na pengo, ziko hatua mbili, njia iliyoanzishwa na Mfaransa Alain-Charles Masquelet miaka ya 1980. Kwanza mfupa mbovu wote huondolewa, na pengo hujazwa kibonge cha saruji ya mfupa, mara nyingi iliyochanganywa na antibiotiki. Mwili hukizunguka kibonge kwa utando. Wiki sita hadi nane baadaye utando hupasuliwa kwa upole, kibonge kikatolewa, na punje za nyongani zikamiminwa ndani ya mfuko ule ulioachwa wazi. Utando una mishipa ya damu na protini za kuita ujenzi.

Mgonjwa asiyeelezwa hili huhesabu kwamba upasuaji wa kwanza ulishindikana. Anarudi kijijini kusema walimwekea saruji, wakamdanganya. Nimelitafakari sana hili, kwa sababu ushuhuda wake utamfikia mtu mwingine mwenye pengo katika muundi, naye atatoroka hospitali baada ya hatua ya kwanza, akiwa na kibonge ndani ya mguu.

Sasa lichukue neno hilo “kukataa” ulipeleke upande wa pili wa benchi. Kule lina maana yake kamili, tena maana mbili.

## Safari ya binti

Kwa binti wa selimundu, nyonga ya kaka ni mahali pa kuchota tu. Hakatwi kama kijana alivyokatwa. Mtoto hulazwa usingizi kabisa, kifudifudi, na sindano nene hupitishwa kwenye ngozi katika vitundu vichache vya nyuma ya nyonga, kila kitundu kikitumika kuchoma mfupa mara nyingi. Kinachotoka ni maji mekundu, hayana punje za mfupa. Huchujwa na kutiwa katika mfuko. Ndani yake zimo seli shina za damu, ambazo zinajua kuzaa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu. Hazina habari na kuunga muundi.

Kinachotangulia ndicho kizito. Kwa siku saba hadi kumi hivi kabla ya siku ya kupokea, binti atapewa dawa kali za kuua uboho wake mwenyewe na kuilaza kinga yake, ili seli za kaka zipate mahali pa kukaa. Siku hizo huhesabiwa kurudi nyuma, hasi saba, hasi sita, hadi siku ya sifuri. Siku ya sifuri yenyewe huwashangaza wengi. Mfuko unatundikwa, unashuka kupitia mpira uliowekwa kifuani kama damu ya kawaida, saa chache umekwisha. Hakuna kisu. Wazazi waliouza shamba hutazama na kuuliza: ni hivi tu?

Sivyo tu. Kuanzia hapo kuna wiki mbili hadi nne ambazo mtoto hana kinga. Ngozi laini ya kinywa na koo huchubuka hata mate hayamezeki, na mofini huwa dawa ya kila siku. Homa yoyote ni dharura ya saa hiyo hiyo. Kwa mwenye selimundu lipo jambo la ziada: chembe sahani hutakiwa zisishuke chini ya 50,000, na presha ya damu hulindwa, kwa kuwa ubongo wake uko katika hatari ya kuvuja damu na kupata degedege. Kila asubuhi familia hungoja namba moja. Chembe nyeupe za ulinzi, neutrofili, zikizidi 500 kwa siku tatu mfululizo, ndipo husemwa uboho umeshika.

Na usiposhika? Hapo ndipo mwili umekataa, kwa maana ile ya kwanza. Uboho wa zamani wenye selimundu unaweza kurudi. Au mbaya zaidi, usirudi.

Maana ya pili hainaga mfano katika mguu wa kijana. Seli za kaka zikishashika huja na askari wake, na askari hao wanaweza kuuona mwili wa dada kuwa ugenini. Hushambulia ngozi, ikatoka vipele na kubabuka. Matumbo, mtoto akaharisha lita kwa lita. Ini, macho yakarudi kuwa manjano baada ya familia kufurahi kwamba yameng'aa. Kwa hiyo mtoto hunywa siklosporini, dawa ya kutuliza kinga, au nyingine ya jamii yake kwa miezi mingi, na siku mia za kwanza hatakiwi kukaa mbali na hospitali iliyompandikiza. Chanjo zake za utotoni zimefutika. Hurudiwa kuanzia miezi sita hadi mwaka, na zile za vidudu hai hungoja angalau miaka miwili.

Haya si ya kumtisha mama yule. Katika uchunguzi wa kimataifa wa wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopokea seli kutoka kwa ndugu waliolingana kati ya mwaka 1986 na 2013, uliochapishwa mwaka 2017, karibu 93 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na waliopandikizwa wakiwa watoto walifanya vizuri kuliko wakubwa. Hata zikichanganyika seli za pande mbili, seli za mtoaji zikifika kama asilimia 20 ya uboho, kwa kawaida hutosha kuukomesha ugonjwa. Maumivu ya usiku huisha. Mama wa mtoto wa selimundu anajua sentensi hiyo ina uzito gani.

Lakini nyonga iliyokwisha kuoza kichwa chake kwa kukosa damu haitajijenga upya. Uwezo wa kuzaa unaweza kupotea kwa dawa zile kali, na jambo hilo linafaa kuzungumzwa mapema, hata kama mtoto ana miaka saba. Na endapo atazaa, bado atawarithisha watoto wake kinasaba cha selimundu, kwa sababu kilichobadilika ni uboho, mayai yake ni yaleyale.

## Mambo ya kwetu ambayo ushuhuda wa ng'ambo hauyasemi

Waganda wengi wanaotafuta upandikizaji huu hutazama India. Siku hizi wako pia wanaotazama jirani: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wa selimundu mwaka 2023. Popote mtu aendapo, kuna ya kushughulikia akiwa bado hapa nyumbani.

La kwanza ni damu. Hospitali zetu zikiishiwa, familia huambiwa ilete watu wa kutoa, na wa kwanza kunyoosha mkono ni baba, mama, kaka. Ni jambo la upendo. Ila mtoto anayetarajiwa kupandikizwa asipewe damu ya wazazi wake wala ya ndugu wa tumbo moja, kwa sababu mwili wake unaweza kujifunza kuzitambua alama za damu ile ile inayotakiwa baadaye kuja kukaa. Mwambie muuguzi wazi, iandikwe kwenye faili. Ndugu watoe, lakini iende kwenye benki ya damu, kwa wengine.

La pili ni vidudu. Mtoaji anayeishi kwenye malaria hupimwa na kutibiwa kabla ya kuchotwa, kwani vimelea husafiri ndani ya mfuko. Mpokeaji achunguzwe kifua kikuu kilicholala, homa ya ini ya B, na mnyoo mdogo wa udongoni uitwao strongiloidi, anayeweza kuishi tumboni miaka mingi kimya kimya na kusambaa mwili mzima siku kinga inapozimwa. Dawa yake, ivermektini, ni vidonge vichache tu. Mtoto aliyekua akicheza pekupeku Lira au Iganga anastahili kuulizwa habari hiyo, na madaktari wa nchi za baridi si wote watakaokumbuka.

La tatu ni hesabu. Ndugu mmoja wa baba na mama mmoja ana nafasi ya 1 katika 4 ya kulingana kabisa. Wakiwa wawili, uwezekano wa kumpata angalau mmoja hupanda hadi 44 katika 100, wanne, 68. Kwa kawaida wazazi wenyewe hulingana nusu tu, na hili huwauma wengi, kwamba mama aliye tayari kutoa hata moyo wake hafai kama kichanga aliyemzaa. Ndugu mwenye hali ya AS, yaani aliyebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu bila kuugua, anafaa. Familia nyingi humwondoa kwenye orodha kabla hata hajapimwa.

Na kwa wale ambao hawatampata anayelingana, ambao ndio wengi: hidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu. Uchunguzi uliofanyika Mulago na kuchapishwa mwaka 2017 uliondoa hofu kwamba ingeongeza malaria. Mwingine uliotolewa mwaka 2019, ulioshirikisha Mbale pamoja na Kilifi, Kinshasa na Luanda, watoto 606, ulionyesha maumivu yamepungua, damu ya kuongezewa imepungua, malaria imepungua, vifo vimepungua. Ni kidonge. Hakina kovu la kuonyesha, na labda ndiyo maana hakizungumzwi sana kwenye mabenchi.

## Waliokosekana pale

Sisi Waganda tumezoea ushuhuda wa kanisani. Mlokole husimama, anasema nilikuwa shimoni, Bwana akanitoa. Husimama akishavuka. Hakuna anayesimama katikati ya mto.

Nafikiri masimulizi ya wagonjwa yamerithi umbo hilo. Aliyepona hurudi kliniki, hukaa benchi, husema. Aliyekatwa mguu baada ya usaha kurudi mara ya tatu hana miadi tena kwenye kliniki ile. Mzazi aliyempoteza mtoto siku ya arobaini hapiti tena ukumbi huo, na akipita hutazama chini. Sikiliza benchi kwa mwezi mzima, utasikia ushindi mtupu, kila mmoja wa kweli.

Ndiyo maana wafanyabiashara wa “seli shina” wamepata soko. Hudunga magoti, migongo, hata wagonjwa wa sukari, kisha hurekodi ushuhuda wiki ya pili. Wiki ya pili! Goti lililodungwa chochote, hata maji ya chumvi, linaweza kupoa wiki ya pili. Kwenye magonjwa ya damu, neno seli shina lina maana iliyothibitishwa kwa zaidi ya nusu karne. Kwenye video zile limeazimwa jina tu. Katikati kuna eneo halali pia, kama kutoboa kichwa cha mfupa wa paja kinachoanza kuoza na kuweka uboho wa mgonjwa mwenyewe. Lakini kwa mwenye selimundu uboho huo bado ni wa selimundu. Unajaribu kuokoa nyonga. Hauponyi damu.

Nilipofika hapa nilitaka kuandika kwamba ushuhuda usiaminiwe. Nikarudi nyuma. Kile kiti cha choo kilichotobolewa ni ushuhuda. Leso juu ya mshono ni ushuhuda. Mgonjwa ndiye shahidi bora wa jinsi jambo lilivyohisiwa, siku baada ya siku. Hajui kwa nini mguu wake uliunga, na hawezi kujua utaunga wako. Nikimsikiliza kwa namna hiyo, naona ananipa kingi kuliko daktari. Namuuliza: mfupa gani, uligoma miezi mingapi, ulikuwa na usaha, ni mwezi gani uliweka gongo la kwanza chini. Sana sana: kilitoka kwa nani, kikaenda kwa nani?

## Kilo kumi na saba

Swali hilo la mwisho ndilo lililonirudisha kwa mvulana wa miaka mitano ambaye hakuwapo ukumbini.

Kikomo kinachokubalika cha kuchota ni mililita 20 kwa kila kilo ya mtoaji. Mvulana wa kilo 17 anaweza kuchotwa hadi mililita 340. Damu yake yote ni lita moja na theluthi hivi. Kumbe ni robo. Mtu mzima wa kilo 70 akitoa chupa ya kawaida ya damu, hatoi hata sehemu ya kumi. Kwa hiyo mtoto kama huyo hupewa madini ya chuma, hukaguliwa wingi wa damu kabla na baada, wakati mwingine huongezewa damu. Hupitia hatari ndogo ya dawa ya usingizi. Uboho wake hujijaza tena ndani ya wiki chache, na kiuno hukakamaa kwa siku kadhaa. Kwa kipimo cha hatari, ni kidogo. Tena dada yake akipona, naye amepata dada.

Bado kuna jambo. Kijana wa bodaboda alitia saini mwenyewe. Alipoumwa nyonga, alijua anaumwa kwa ajili ya mguu gani. Mvulana ataamka na maumivu ambayo hayatibu chochote mwilini mwake, na waliosema ndiyo kwa niaba yake ni watu walewale wanaomlilia dada. Hospitali nzuri humtengea daktari wake, asiye yule wa dada, ili apatikane mtu mmoja anayemtazama yeye peke yake. Humweleza kwa maneno ya umri wake, kwa mwanasesere na bomba la sindano lisilo na sindano. Na humwambia mapema, kabla ya siku ya sifuri, kwamba dada asipopona halitakuwa kosa la damu yake. Yako maumivu ya aina hii ambayo hayaishi wiki ya tatu, na hayaonyeshwi kwa kuteremsha mkanda.

Muda mfupi kabla jina la binti halijaitwa, mama alimgeukia tena kijana.

“Huo uboho wako, walimpa nani?”

Kijana akaugusa muundi wake kwa ncha ya gongo. “Mimi mwenyewe, mama. Ulitoka hapa, ukaja hapa.”

Mama akatazama nyonga, akatazama muundi. Hakusema kitu. Muuguzi alipoita, alimhamishia binti bega la pili, akaingia ndani, na kabla mlango haujafungwa nikamsikia akiuliza kama anaweza kurudi kesho na yule mdogo.